Si kila anayejiita HCR ni HCR

[Muziki wa kipindi, kisha unashuka chini ya sauti]

MTANGAZAJI: Tunawasalimu walioko Musenyi, Busuma, Nyankanda, Kavumu, Bwagiriza, Musasa na Gasorwe. Tunawasalimu pia ndugu zetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Magara na Minago, Rumonge mjini, Kigwena, mpaka Nyanza-Lac. Ambaye redio yake inakoroma, au anayesikiliza mbali na spika, atayapata maneno haya yote kwenye karatasi.

MWENZAKE: Leo mada yetu ni majina. Si yale tuliyopewa na wazazi, ni yale tunayojipa wenyewe kwenye simu na kwenye intaneti. Nani ana haki ya kujiita HCR? Nani anamzuia asiye HCR asijiite hivyo? Na wale vijana wetu wanaojifunza kompyuta, siku wakitengeneza programu yao wenyewe, wafanye nini ili tapeli asiingie akiwa amevaa jina la ofisi?

MTANGAZAJI: Tutakwenda polepole. Nusu ya kwanza ni ya kila mtu mwenye simu. Nusu ya pili ni ya wanaojifunza kutengeneza programu, lakini hata bibi asiye na simu ataielewa. Mwishoni tutarudi kwa kila mtu.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA KWANZA: JINA LINALOBEBA OFISI

MTANGAZAJI: Wengi wetu tuliingia Burundi kwa maji. Januari 2018, mapigano ya upande wa Fizi yalipozidi, maelfu ya watu walipanda boti za wavuvi wakavuka mpaka fukwe za Rumonge na Nyanza-Lac. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, watu wakavuka tena, wengine kwa barabara, wengine kwa ziwa. Ukishuka kwenye boti namna hiyo, huna ndugu, huna karatasi, huijui njia. Unatafuta kitu kimoja tu: mtu wa ofisi. Ukiona fulana yenye alama ya HCR au ya Msalaba Mwekundu, unakwenda kwake. Humwulizi sana.

MWENZAKE: Na hapo ndipo tapeli anapokaa.

MTANGAZAJI: Ndiyo, dada. Anayetaka kukuibia hahitaji kuvunja mlango. Anahitaji kuvaa fulana. Na kwenye simu, fulana ni jina.

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu, hatusemi umetokea. Tuseme vijana wa Rumonge wametengeneza programu ndogo ya intaneti. Mtu anafungua akaunti, anachagua jina la mtumiaji, kisha anasoma na kuandika matangazo. Kuna bei ya ndagala na mukeke sokoni, kuna habari za boti zinazotoka Baraka, kuna watu wanaotafutana: "Natafuta mdogo wangu, tulipotezana njiani." Ni kazi nzuri, watu wanaipenda. Siku ya tatu anaingia mtu, anajiita hcr_rumonge, anaweka picha ya alama ya buluu, anaandika: "Usajili wa kuhamishiwa nchi ya tatu umefunguliwa. Nafasi ni chache. Tuma franka 20,000 kwa namba hii."

MWENZAKE: Mama aliyekaa kambini miaka 10 akisubiri jambo hilo hilo atauza mahindi yake ya mgao ili atume hizo franka.

MTANGAZAJI: Na tuulizane: kosa ni la mama? Ameona jina la ofisi. Programu imempa tapeli jina hilo bila kumwuliza hata swali moja. Aliyetengeneza programu aliacha mlango wazi. Ndiyo maana tunasema, kulinda majina ni kazi ya mwenye mlango kwanza. Msomaji anakuja nyuma yake.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA PILI: MWANZO WA NENO UNASEMA MENGI

MWENZAKE: Kaka, kwa nini unasema zaidi kuhusu mwanzo wa jina?

MTANGAZAJI: Kwa sababu masikio yetu yamezoea hivyo. Angalia lugha tunazosema. Kirundi, Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru: ukisikia "Ki" mwanzoni unajua ni lugha. Mrundi, Mbembe: ukisikia "M" unajua ni mtu. Shuleni mwalimu alituita tuseme "kiambishi awali". Kipande kidogo cha mbele kinakuambia neno zima ni la kundi gani.

Majina ya kwenye intaneti yanafuata njia hiyo hiyo. Ukiona admin_ mbele ya jina, unaelewa huyu ni msimamizi. Ukiona hcr_, unaelewa ni ofisi ya wakimbizi. Ukiona pam_, unaelewa ni wale wa chakula. Ukiona onpra_, unaelewa ni ofisi ya serikali ya Burundi inayoshughulikia wakimbizi. Kinachofuata hakikusumbui tena, moyo umeshakubali.

Kwa hiyo watengenezaji wa programu wana desturi ya kuweka majina ya akiba. Ni orodha ya majina, na mianzo ya majina, ambayo mtu wa kawaida haruhusiwi kujipa. Telegram, kwa mfano, inalinda mwisho: programu inayojibu ujumbe yenyewe lazima jina lake limalizike kwa "bot", ili ujue unazungumza na mashine. WordPress, programu ambayo watu wengi duniani huitumia kutengeneza kurasa zao, inapotumika kuendesha tovuti nyingi pamoja huja na orodha fupi ya majina yasiyoruhusiwa. Ndani yake kuna "admin", "administrator", "root" na "www".

MWENZAKE: Kumbe si jambo jipya.

MTANGAZAJI: Ni la zamani kuliko sisi tunaozungumza hapa. Mei 1997 wataalamu wa intaneti walitoa waraka unaoitwa RFC 2142. Unataja majina ya sanduku za barua ambayo kila mwenye anwani ya intaneti anapaswa kuyatunza kwa kazi maalumu: "postmaster" kwa mambo ya barua, "webmaster" kwa tovuti, "hostmaster" kwa anwani, "abuse" kwa malalamiko. Walikuwa wanasema: haya ni majina ya ofisi, si ya watu.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA TATU: YALIYOWAPATA WAKUBWA

MWENZAKE: Lakini mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya wadogo. Kampuni kubwa haziwezi kuachia majina hovyo.

MTANGAZAJI: Zimeachia. Tutoe matukio matatu.

La kwanza ni la Ufini, mwaka 2015. Microsoft ilikuwa ikiwapa watu wa nchi hiyo anwani za barua pepe zinazomalizika kwa live.fi. Mtu mmoja alijaribu kujifungulia anwani ya hostmaster@live.fi, moja ya yale majina ya ofisi tuliyoyataja sasa hivi. Mfumo ukamkubalia. Sasa sikilizeni kilichofuata. Kuna kampuni zinazotoa cheti cha tovuti, yaani kile kinachoifanya simu yako iamini kwamba tovuti ni ya kweli. Kampuni hizo, zikitaka kujua kama wewe ndiwe mwenye tovuti, zinaweza kutuma barua kwa jina kama admin, webmaster au hostmaster la tovuti hiyo. Anayejibu barua anahesabiwa kuwa ndiye mwenyewe. Huyo bwana akaomba cheti cha live.fi kwa kampuni ya Comodo, barua ikaja kwake, akajibu, akapewa.

MWENZAKE: Yaani mtu wa kawaida akapata muhuri wa Microsoft?

MTANGAZAJI: Akapata muhuri wa live.fi, kwa sababu ya jina tu. Bahati nzuri hakuwa mwizi, aliwaambia wenyewe. Cheti kilifutwa, na Machi 2015 Microsoft ikatoa onyo kwa watumiaji wake kwamba cheti hicho kingeweza kutumika kuwadanganya. Fikirini kama angekuwa mwizi.

Tukio la pili ni la Spotify, kampuni ya muziki, mwaka 2013. Wao waliruhusu majina yenye herufi za kila namna. Mtu mmoja alikuwa anaitwa bigbird. Mwingine akaja kufungua akaunti kwa herufi zile zile, ila zimeandikwa ndogo na kupandishwa juu ya mstari, kama tunavyoandika namba ya mita za mraba: ᴮᴵᴳᴮᴵᴿᴰ. Kwa mashine hizo ni herufi tofauti kabisa. Programu ilikuwa na kazi ya kuyasafisha majina ili yalinganishwe, lakini usafishaji ulikuwa na kasoro. Ukisafisha mara moja unapata BIGBIRD kwa herufi kubwa. Ukisafisha tena unapata bigbird kwa herufi ndogo. Wakati wa kufungua akaunti lilionekana ni jina jipya. Wakati wa kuomba kubadilisha neno la siri, lilisafishwa tena likawa la yule mwenye akaunti ya kwanza. Yule wa pili akaweza kubadilisha neno la siri la wa kwanza na kuingia.

MWENZAKE: Ni kama kufua shati mara moja, madoa yakatoka nusu.

MTANGAZAJI: Ndivyo. Somo lake: jina likishasafishwa, ukilisafisha tena lisibadilike hata kidogo. Likibadilika, bado ni chafu.

La tatu ni la Twitter, Novemba 2022. Ile alama ya tiki ya buluu, iliyokuwa ikionyesha kwamba mwenye akaunti amehakikiwa, ilianza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Tarehe 10 Novemba mtu akafungua akaunti yenye jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akalipia tiki, akaandika kwamba insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, sasa ni bure. Watu wengi walisoma kabla haijaondolewa. Kampuni yenyewe ikalazimika kuomba radhi kwa wale waliodanganywa.

MWENZAKE: Kwa hiyo jina linaweza kuibwa, herufi zinaweza kuigwa, na hata tiki inaweza kununuliwa.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA NNE: KWA WANAOTENGENEZA PROGRAMU

MTANGAZAJI: Sasa tuwageukie vijana wanaokaa mbele ya kompyuta. Tuwaelekeze kwa maneno ya kawaida. Mwalimu wenu atawaonyesha namna ya kuyaandika katika lugha ya programu mnayojifunza.

Hatua ya kwanza: safisha jina kabla ya kulikagua. Ondoa nafasi tupu mbele na nyuma. Geuza herufi zote ziwe ndogo. HCR, Hcr na hcr ziwe kitu kimoja. Ukikagua kabla ya kusafisha, tapeli ataandika HcR na kupita akicheka.

Hatua ya pili: chagua herufi zinazoruhusiwa, usichague zinazokatazwa. Sema: kwa jina la akaunti tunakubali a mpaka z, tarakimu 0 mpaka 9, na mstari wa chini. Basi. Kwa nini? Kwa sababu dunia ina herufi nyingi zinazofanana. Kuna herufi ya Kirusi, а, inayofanana kabisa na a yetu. Jicho haliwezi kuzitofautisha, mashine inaziona mbili. Huwezi kuzikataza zote moja moja. Ni rahisi kusema nani anaingia kuliko kutaja wote wasioingia.

MWENZAKE: Lakini, kaka, wapo akina André, akina Bénédicte. Utawakatalia herufi za majina yao?

MTANGAZAJI: Swali zuri. Tenganisha vitu viwili. Kuna jina la akaunti, ambalo ni la mashine, la herufi rahisi: benedicte_k. Na kuna jina la kuonyeshwa, ambalo ni la watu: Bénédicte, na alama zake zote. Ila kumbuka, jina la kuonyeshwa nalo likaguliwe. Ukilinda la akaunti ukasahau la kuonyeshwa, tapeli atajiandikisha kwa jina la juma22 kisha juu yake aandike "HCR Rumonge". Watu husoma la juu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: orodha ya akiba. Hapa vijana wengi wanakosea kwa kupenda urahisi. Wanaandika: kataa kila jina linaloanza na pam, kwa sababu ni la PAM. Sawa. Halafu anakuja dada yetu Pamela, anakataliwa. Anakuja mzee Pamphile, anakataliwa. Wanaandika: kataa kila linaloanza na mod, kwa sababu linaonyesha msimamizi. Huku kwetu, kina Modeste ni wangapi?

MWENZAKE: Kwenye foleni moja ya maji unaweza kuwapata wawili!

MTANGAZAJI: Na mtu aliyekwisha kukataliwa mpakani, kwenye foleni na kwenye ofisi, usimkatalie jina la baba yake kwenye simu. Kwa hiyo tengeneza orodha mbili.

Orodha ya kwanza ni ya mianzo mizito, ambayo hakuna jina la mtu linaloanza nayo. Mfano: unhcr, hcr, onpra, admin. Hizi zikataliwe popote zinapoanzia jina, hata kama kinachofuata kimeunganishwa: hcrrumonge, admin2, onprausajili. Kabla ya kulinganisha, ondoa mistari ya chini, ili h_c_r_rumonge nalo likamatwe.

Orodha ya pili ni ya mianzo myepesi, inayofanana na majina ya watu: pam, mod. Hapa usiangalie herufi za mwanzo tu, angalia kipande kizima. Kata jina kwenye mstari wa chini, ondoa tarakimu za mwisho, kisha tazama kila kipande. pam_chakula lina kipande "pam": kataa. pam2026 ukiondoa tarakimu linabaki "pam": kataa. pamela ni kipande kimoja, hakimo kwenye orodha: karibu dada. modeste_b: karibu mzee. Na kwa kuwa unakagua kila kipande, chakula_pam nalo halitapita, maana tapeli akikuta mbele pamefungwa atakwenda nyuma.

MWENZAKE: Na anayeweka sifuri mahali pa herufi o? 0npra?

MTANGAZAJI: Kwa kulinganisha tu, tengeneza nakala ya jina ambayo sifuri imegeuzwa kuwa o, moja imegeuzwa kuwa i, tano imegeuzwa kuwa s. Kagua jina lenyewe, kisha kagua na nakala. Ukimaliza, itupe nakala. Mtu aliyejiita juma10 abaki juma10.

Hatua ya nne: kagua kwenye kompyuta kuu inayotunza akaunti. Ukaguzi wa kwenye simu ya mtumiaji peke yake hautoshi. Ule unasaidia mtu mwema kurekebisha haraka, lakini mtu mbaya anaweza kuuruka. Na kagua kwenye kila mlango: anapofungua akaunti, anapobadilisha jina, na pale wewe mwenyewe unapoingiza majina mengi kutoka kwenye faili. Wengi hulinda mlango wa mbele, wakasahau ule wa kubadilisha jina. Tapeli anaingia kwa jina la juma22, kesho yake anajibadilisha kuwa hcr_rumonge.

Hatua ya tano: orodha itunzwe. Mambo yanabadilika. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na Rumonge ikaingia mkoa wa Burunga. Orodha iliyolinda mkoa_rumonge sasa inatakiwa kulinda na mkoa_burunga. Mashirika nayo huja na kwenda. Siku unapoongeza neno kwenye orodha, tazama pia akaunti za zamani, maana huenda kuna mtu alishachukua jina hilo kabla hujalifunga.

Hatua ya sita, na hii muishike kuliko zote: madaraka yasikae ndani ya jina. Programu isiseme kamwe, "jina lako linaanza na admin, basi wewe ni msimamizi." Cheo kiandikwe mahali pake, pembeni ya jina, na kiwekwe na mtu mwenye ruhusa baada ya kuhakikisha. Kama ofisi ya kweli inataka akaunti, wahusika waende wenyewe, waonyeshe barua, wafunguliwe kwa mkono. Hapo ndipo ile akiba inapotumika: jina lilikuwa linamngoja mwenyewe.

MWENZAKE: Na yule anayekataliwa, aambiwe nini?

MTANGAZAJI: Aambiwe kwa adabu, kwa lugha anayoielewa: "Jina hili limetengwa kwa ofisi. Tafadhali chagua jingine." Usimwite mwizi, huenda ni mtoto aliyekuwa anacheza. Na mpe njia ya kulalamika, kwa sababu orodha yako haitakosa kumwonea mtu siku moja.

MWENZAKE: Nina swali la mwisho kwa sehemu hii. Wapo kati yetu wanaoficha majina yao ya kweli. Kuna waliowakimbia watu ambao bado wanawatafuta. Sheria hizi si zitawalazimisha wajitaje?

MTANGAZAJI: Hapana, na tuliweke wazi. Kulinda majina ya ofisi si kudai kitambulisho. Mkimbizi ana sababu nzito ya kujiita Ua la Ziwani, au Mvuvi wa Usiku, au jina lolote lisilomwonyesha. Programu isimwulize. Sheria yetu ni fupi: jiite upendavyo, ila usijiite ofisi.

[Muziki mfupi]

SEHEMU YA TANO: SASA KILA MTU MWENYE SIMU

MWENZAKE: Tulisema tutarudi kwa kila mtu. Mimi sina programu, nina simu ndogo na mega chache. Nifanye nini?

MTANGAZAJI: Kwanza, ujue jina linatoka wapi. Kwenye WhatsApp, mtu ambaye hujamhifadhi kwenye simu yako akiandika kwenye kundi, utaona alama ya kiwimbi, ~, mbele ya jina lake. Kiwimbi hicho maana yake ni: hili jina amejipa mwenyewe. Hata picha amejiwekea mwenyewe. Hakuna aliyemkagua.

Pili, ujumbe mfupi wa simu. Unaweza kuja na jina mahali pa namba, na jina hilo nalo linaweza kuigwa. Huko Kenya, matapeli wa M-PESA huandika ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kweli, ila unatoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Kampuni ya Safaricom imewazoesha wateja wake namba moja, 0722 000 000, kwamba ikiwapigia simu itatumia hiyo. Ni akiba ile ile tunayoisema, ila ni ya namba. Hata hivyo, hata ukiona namba unayoijua, mtu akikuuliza namba yako ya siri, kata simu.

Tatu, anwani za intaneti na za barua pepe. Hapa sikilizeni sana, kwa sababu mambo yamegeuka. Kwenye anwani, mwanzo haulindwi na mtu yeyote. Anayelipia anwani analipia mwisho, mbele anajiandikia anachotaka. Ukurasa wa kweli wa msaada wa UNHCR ni help.unhcr.org. Soma kutoka mwisho: org, kisha unhcr. Ndiyo hao. Lakini ukikuta unhcr.org.mfano.com, soma kutoka mwisho: com, kisha mfano. Mwenye anwani hiyo ni "mfano", hata kama mbele pameandikwa unhcr kwa herufi nzuri. Kama anwani inaendelea baada ya mkwaju, yaani alama ya /, usisome ya baada ya mkwaju. Anza pale kabla ya mkwaju wa kwanza unaofuata jina, rudi nyuma. Barua pepe hivyo hivyo: wafanyakazi wa UNHCR wanatumia anwani zinazomalizika kwa @unhcr.org. Anwani inayoanza na unhcr na kumalizika kwa gmail.com, hiyo hata mimi naweza kuifungua leo jioni.

MWENZAKE: Kwa hiyo kwenye akaunti linda mwanzo, kwenye anwani soma mwisho.

MTANGAZAJI: Umesema vizuri, dada. Na la nne ni kubwa kuliko yote, halihitaji hata kujua kusoma: huduma za UNHCR na za washirika wake ni bure. Kusajiliwa ni bure. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakununuliwi, na hakuna fomu ya kulipia. Kutafutiwa ndugu kupitia Msalaba Mwekundu ni bure. Anayekuomba pesa kwa mambo hayo, awe na jina gani, tiki gani, fulana gani, hata kama ni mfanyakazi wa kweli mwenye kitambulisho, hana haki ya pesa hiyo. Mpeleke kwenye dawati la malalamiko.

MWENZAKE: Na kama umeshatuma?

MTANGAZAJI: Usione aibu ukanyamaza. Aibu yako ndiyo ghala ya tapeli. Usiufute ujumbe, uhifadhi pamoja na namba na tarehe. Nenda haraka kwa wakala au kampuni ya simu uliyotumia kutuma, uliza kama pesa inaweza kuzuiwa. Kisha kawaambie watu wa ofisi ya ulinzi, au komite ya wakimbizi, au tumia sanduku la malalamiko. Na waambie majirani, kwa sababu aliyekutumia wewe amewatumia na wao.

[Muziki mfupi]

MUHTASARI

MWENZAKE: Kwa anayebandika karatasi hii ukutani, tumalize kwa kifupi.

Mwenye programu: safisha jina, kisha kagua. Ruhusu herufi chache. Weka orodha mbili, ili HCR wa uongo azuiwe na Pamela apite. Kagua kila mlango. Tunza orodha. Cheo kisikae ndani ya jina.

Mwenye simu: jina na picha mtu hujiwekea. Anwani isomwe kutoka mwisho. Namba ya siri haiombwi na ofisi. Huduma ya mkimbizi hailipiwi.

MTANGAZAJI: Na kwa vikundi vinavyojifunza kompyuta, tunawapa kazi ya nyumbani. Kaeni mkaandike majina 50 ya watu mnaowafahamu, Warundi na Wakongo, wa dini zote. Kisha yapitisheni kwenye orodha yenu ya akiba. Likizuiwa hata jina moja la mtu wa kweli, rudini mkarekebishe. Halafu badilishaneni na kikundi kingine, wao wajaribu kuingia kwenye programu yenu wakijifanya HCR. Wakiingia, msikasirike. Ni afadhali waingie wao leo kuliko yule mwingine kesho.

Juma lijalo tutazungumza kuhusu neno la siri: kwa nini tarehe ya kuzaliwa haifai, na mtu asiyezoea kuandika atunze vipi neno lake. Maswali yenu mpeni mhamasishaji wa kipindi aliye karibu nanyi, kwa mdomo au kwa karatasi.



[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unaisha]